Tamthilia ya mirathi iliyopigiwa picha kwetu Lamu: haya mliyotufanyia siyo!

Wanajamvi, nimevumilia tangu msimu wa kwanza, jana usiku nimeshindwa. Tuliketi watu tisa nyumbani kwetu Langoni, kuanzia nyanya hadi watoto wa ndugu yangu, tukingoja siri ya kile kisanduku tulichozungushwa nacho miezi mitatu. Kumbe siri yenyewe ni ile? Mzee kafa, wakili kaja na karatasi, kasoma: nyumba, jahazi na shamba la Kililana, vyote apewe yule kijana mlaghai aliyejitia kuwa wa ukoo. Na familia nzima inalia tu, hakuna hata mmoja anayefungua mdomo!

Muislamu gani wa Lamu anarithisha hivyo? Marehemu haruhusiwi kuusia zaidi ya thuluthi ya mali yake. Zilizobaki zina wenyewe, wametajwa katika Suratun Nisaa: mjane ambaye marehemu ameacha watoto ana thumuni yake, yaani moja ya nane, mwana wa kiume hupata mafungu mawili kwa moja la wa kike. Na mahakama ya kadhi imo ndani ya Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, mirathi ikiwa miongoni mwa kazi zake. Hakuna aliyewaza kwenda kwa kadhi? Taharuki yote ile imesimama juu ya karatasi ambayo mtoto wa madrasa angeibatilisha.

Lakini la nyumba ndilo lililoniuma. Mashemeji wanamburura mjane nje, ati hii ni nyumba ya kaka yetu. Lamu hii? Desturi ya wenye nyumba za mawe ni baba kumpa bintiye nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Ndiyo sababu mabinti wa baba mmoja hukaa nyumba zilizokabiliana, na juu ya kichochoro likapita wikio, daraja la kuunganisha nyumba mbili, ili watembeleane bila kushuka njiani. Wamempiga picha yule mama akilia chini ya wikio! Kamera imelizunguka wikio mpaka nikadhani sasa wataeleza. Hakuna aliyeuliza limejengwa kwa nini. Nyanya, aliyezaliwa katika nyumba ya mamake na kuzaa humo humo, aliinuka akaenda kulala bila kusema neno.

Na hiyo nasaba ya kughushi! Mlaghai amechapisha majina, karatasi kaichovya kwenye chai ili ionekane ya zamani, wazee wakakubali. Jamani, kwetu ukija na nasaba hutaulizwa karatasi kwanza. Utaulizwa nyanya yako alizaliwa nyumba gani, dadake aliolewa na nani, nani alimwosha babu yako alipokufa. Hapo ndipo pangekuwa na mashaka ya kumkosesha mtu usingizi: mwongo mbele ya vikongwe watatu wanaokumbuka kila harusi.

Tamaa ya kweli nayo mmeipita hivi hivi. Tangu mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uzinduliwe mwaka 2012, ardhi ya upande wa Kililana si ile tena. Kuna mashamba ambayo hayajagawanywa tangu babu wa babu, ghafla kila mtu ana ukoo. Kwetu pia kuna kesi ya namna hiyo, mjomba na mama hawasemezani. Sikuitazama tamthilia hii kwa mchezo, nilitaka kuona ndugu wanavyofika hapo.

Hata Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hamkukitafuta. Mzee wa makamo yale anasema "macho" na "mchele", wakati mtaani mtu wa rika lake atakwambia "mato" na "mtele".

Leo asubuhi mpwa wangu wa miaka kumi na mbili kamwomba nyanya aandike karatasi amwachie nyumba yote. Kajifunzia wapi?

Anayejua barua ya malalamiko hupelekwa wapi anielekeze. Nimeshaiandika kurasa mbili, na nyanya amesema atatia dole gumba.