Noti za bendi kubwa ya jazi: Ellington ya 1941, Basie ya polepole, au toleo la shule?

Mzee_wa_Alto (Moshi)
Wadau, salaam. Nina bendi ya watu 13. Wengi wametoka kwenye matarumbeta ya kanisa, wawili walipiga dansi enzi zao. Saksafoni za alto mbili na za tena mbili, tarumbeta tatu, tromboni mbili, piano, besi, gitaa na dramu. Saksafoni ya baritoni hatuna. Tumechoka kuokoteza nyimbo kwa masikio. Tunataka noti hasa za jazi ya Marekani, na siku hizi mipangilio ya zamani (karatasi za nani apige nini) inachapishwa upya, nyingine unalipa na kushusha PDF papo hapo. Hela inatosha seti mbili. Nimebaki na hizi mezani:

A. "Take the 'A' Train" ya Billy Strayhorn, kama bendi ya Duke Ellington ilivyoirekodi 1941.
B. "Li'l Darlin'" ya Neal Hefti, aliyoiandikia bendi ya Count Basie, 1957.
C. Wimbo uleule wa A, ila toleo lililorahisishwa kwa bendi za shule.

Moyo wangu uko B. Nimeona ukurasa wa mfano, noti chache, karatasi nyeupe pee. Mnasemaje?

Dramu_Kavu (Nairobi)
Shikamoo mzee. Huo weupe ndio utakaowamaliza. Inasimuliwa kwamba Hefti aliuandika akiwa na mwendo wa haraka zaidi kichwani, Basie ndiye aliyeupunguza mpaka ukawa kama mtu anayetembea ameshiba. Kwa mwendo ule hakuna pa kujificha. Niliwapa vijana wangu wa shule: mzani wa nane tu (mzani ni kipande cha mapigo manne), tarumbeta ya kwanza imeshafika, tromboni bado zinafunga kamba za viatu. Tulipiga wiki sita, mwishowe nikauweka kabatini.

Halafu wimbo ule unabebwa na gitaa. Freddie Green aliingia bendi ya Basie 1937, na kazi yake ilikuwa mapigo manne kila mzani, gitaa kavu bila amplifaya, basi. Mpiga gitaa wako ni wa nini?

Mzee_wa_Alto
Marahaba. Ni wa rumba, tena wa solo. Kumwambia apige manne-manne mpaka mwisho wa wimbo ni kutafuta ugomvi.

Dramu_Kavu
Basi umeshajijibu.

Tromboni_ya_Tatu (Minneapolis)
Mzee, hesabu watu kwanza, kupenda wimbo baadaye. Bendi ya Basie ya 1957 ilikuwa na tarumbeta nne, tromboni tatu, saksafoni tano. Hefti kazipanga sauti zikiwa zimebanana, wote wanatembea pamoja kama gwaride. Ukitoa tarumbeta moja, tromboni moja na baritoni, umeng'oa meno matatu ya mbele na bado unataka mtu atabasamu.

Ellington ya 1941 ni tarumbeta tatu, tromboni tatu, saksafoni tano. Tarumbeta zako zinatimia! Na wimbo wenyewe saksafoni wanauimba kwa sauti moja, wote noti ileile, huku shaba, yaani tarumbeta na tromboni, wakijibu kwa vizibo mdomoni mwa chombo. Pengo la mtu mmoja halionekani haraka. Kazi iko kwenye solo ya tarumbeta, ile aliyopiga Ray Nance, na pale katikati wimbo mzima unapohama kutoka msingi wa C kwenda msingi wa E-flati. Hapo mfanye mazoezi peke yake, mizani ile michache, mara ishirini.

Niliupiga nikiwa sekondari huku. Jazz at Lincoln Center, taasisi ya jazi ya New York, wana mpango unaoitwa Essentially Ellington tangu miaka ya 1990, shule zinatumiwa noti za Ellington bure, na maelezo ya namna ya kuzifanyia mazoezi yamo humo. Ndiyo maana nasema tafuta toleo lililofanyiwa kazi na watu wanaoijua rekodi.

Bibi_Noti (Dar es Salaam)
Mnamsukuma mzee wa watu kwa haraka. Mimi nasimama na C. Matoleo ya shule kwa kawaida yanashusha noti za juu za tarumbeta, solo inaandikwa yote kwa ajili ya asiyejua kubuni, na chombo kikikosekana unakuta noti zake ndogo ndogo kwenye karatasi ya mwenzake. Mtu aliyezoea nyimbo za kanisa hawezi kuamka Jumatatu akawa Ray Nance.

Tromboni_ya_Tatu
Dada, hapo kwenye noti ndogo nakubali, zinasaidia. Ila ukishusha tarumbeta na ukanyoosha yale majibu ya shaba, kinachobaki ni wimbo, mpangilio umekwenda. Na mzee anatafuta mpangilio. Wimbo anaujua tayari.

Bibi_Noti
Kinachobaki ni bendi inayomaliza wimbo pamoja. Si haba.

Posauni_Mlutheri (Lushoto)
Naomba niulize ambalo hamjauliza. Mzee, hao wapiga tarumbeta wako wa kanisani wanasoma noti kwa mtindo gani? Kwetu tulifundishwa kwa utaratibu wa Kijerumani: ukiona C kwenye karatasi, inatoka C ya piano. Noti za jazi haziko hivyo. Karatasi ya tarumbeta ya B-flati imeandikwa sauti moja juu, ili C ya piano isomwe D. Mpe mtu wangu karatasi hiyo, atapiga D kwa imani yote, na bendi nzima italia kama mlango mbovu. Ilinitokea. Nilidhani piano ndiyo imeharibika, nikaita fundi.

Mzee_wa_Alto
Ndugu yangu! Wawili kati ya watatu ni hao hao. Ndiyo maana mara ya mwisho tulilaumiana bure. Sasa nifanyeje?

Posauni_Mlutheri
Ziandike upya karatasi zao mbili, sauti moja chini. MuseScore ni bure na inahamisha yenyewe, wewe unaingiza noti tu. Tromboni usiwaguse: noti zao zipo ufunguo wa besi na zinasikika kama zilivyoandikwa.

Na baritoni mnaye bila kujua. Mtafute mtu wa tuba au yufonia (kama tuba ndogo) anayesoma ufunguo wa besi, mpe karatasi ya saksafoni baritoni. Mwambie ajifanye anaona ufunguo wa besi, aongeze flati tatu mwanzoni. Zinatoka sauti zenyewe, oktava yenyewe. Alama za njiani, zile za kupandisha au kushusha noti, azitazame moja moja, hapo ndipo watu hujikwaa.

Dramu_Kavu
Nimejaribu hili la flati tatu kwenye karatasi sasa hivi. Ni kweli kabisa! Miaka yote hii nakopa baritoni mjini.

Klarineti_Kuukuu (Mombasa)
Kwa vile kikao kimeshaielekea A, nami niongeze kidogo. Wimbo ule ulizaliwa kwa ugomvi wa hela. Mwanzoni mwa 1941 redio za Marekani na chama cha watunzi ASCAP waligombana, nyimbo za wanachama zikazuiwa hewani. Ellington alikuwa mwanachama, Strayhorn bado hakuwa. Ikabidi bendi ipate nyimbo mpya haraka, na huu ukawa ndio wimbo wa utambulisho wao.

La pili: ukinunua PDF, fungua kila karatasi siku hiyohiyo. Mimi kuna duka la mtandaoni liliniuzia seti bila ukurasa wa pili wa tena. Nikagundua jioni ya mazoezi, watu wamekaa, chai imemwagwa vikombeni. Majibu yao yalikuja baada ya wiki mbili.

Na kwa seti ya pili, fikiria "Mood Indigo", ya 1930. Mwanzo wake ni watu watatu tu: tarumbeta juu, tromboni chini yake lakini ikipiga noti zake za juu kabisa, klarineti chini kabisa. Kwa kawaida ungetegemea klarineti juu na tromboni chini. Ellington kaupindua. Ukiwa na mtu wa klarineti umemaliza.

Mzee_wa_Alto
Mpiga tena wangu wa pili ana klarineti ya marehemu baba yake. Haya, nimeamua: A na hiyo "Mood Indigo". Dada Bibi_Noti usininunie, zile noti ndogo nitaziandika mwenyewe kwa penseli. Basie atasubiri mpaka gitaa akubali kukaa kitako.

Swali la mwisho. Mpiga tromboni wangu kasoma kwamba watu wa Ellington walizibia chombo kwa kile kipira cha kuzibulia mabomba. Kaenda dukani bila kuniuliza, kanipigia simu kuna saizi mbili. Achukue ipi?

Tromboni_ya_Tatu
Mimi hutumia kidogo, cha sinki. Mti autoe. Kwenye karatasi akiona + anaziba, akiona o anaachia.

Mzee_wa_Alto
Ameshanunua cha choo.