Tupeane uzoefu: mliolelewa nyumba ya dini mbili na makabila mawili, mmerithi nini na mmejiokotea nini?

Wakuu habari za jioni. Juzi nipo barazani Magomeni nacheza bao na wazee waliotoka kuswali alasiri, akapita jamaa wa kazini akashangaa, "we si ndo unaimba besi kwaya ya kanisani, huku unafanya nini?" Nikacheka tu ila swali limenikaa.

Nianze mimi. Baba Mzaramo wa Kisarawe, Muislamu, mama Mchaga wa Machame, Mlutheri. Watoto wote tulifuata dini ya mama, walikubalianaje msiniulize maana mpaka leo hawasemi. Siku ya kipaimara changu pale Azania Front, lile kanisa Wajerumani walianza kulijenga 1898, suti alininunulia baba, akanileta mpaka mlangoni afu akavuka barabara akakaa anaangalia meli mpaka ibada ikaisha. Mwaka 2000 Krismasi na Iddi zikaangukia wiki moja, nguo mpya ikawa moja sikukuu mbili, mama katutisha tarehe 25 atakayejimwagia soda atamtambua.

Bao ni la babu mzaa baba. Ubao wa mninga, mashimo 32, kete 64 za komwe, zile mbegu ngumu, zimelainika mpaka zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta. Babu alikuwa hakufundishi, unakaa pembeni unaangalia anavyonamua, yani anavyoingiza kete za mkononi ubaoni moja moja, unazihesabu kete 22 zilizobaki mkononi mwake, ukidaka umedaka. Mimi ilinichukua kama mwaka na siku ya kwanza kucheza naye alinila nyumba, lile shimo unalorundika kete nyingi, mapema tu hata sijakaa vizuri. Kuimba nimetoa kwa mama. Kufungua redio mbovu ndo nimejiokotea mwenyewe, wife anasema sebule imekuwa gereji.

Haya leteni zenu.

MamaPacha_Tabata: Mkuu umenigusa. Baba Msukuma mama Mzaramo, yani nimezaliwa katikati ya watani. Msiba wa babu kule Mbagala watani wakashuka kaburini wakalala, hatoki mtu mpaka hela itoke, sisi wajukuu tumesimama hatujui tulie au tucheke, afu shangazi ananigeukia "na wewe toa, upande wa mama yako ndo wenye msiba", mjomba naye "usitoe, wewe mtani". Nikatoa elfu mbili yaishe. Dini Mkatoliki. Hobi kusuka ukili, kanifundisha bibi, nasuka mpaka kwenye daladala nikipata siti.

Chuma_Mboga: Hobi za wenye hela hizo. Mimi Ilala nina njiwa 17, ni biashara, basi. Isipokuwa yule mweupe mwenye mguu mbovu, huyo siuzi.

MamaPacha_Tabata: @Chuma_Mboga na jina umempa?

Chuma_Mboga: Sheikh. Alikuja mwenyewe siku ya Maulid akatua bandani. Mzee wangu alikuwa mwalimu wa madrasa so nikaona sio bure.

Mleta uzi: Biashara hiyo kaka 😂 Wakuu kabla sijasahau, komwe mbili zimepotea tunatumia gololi, wazee wananung'unika kila jioni eti zinateleza zinaharibu hesabu. Anayejua hapa Dar zinapatikana wapi anistue PM, Kariakoo nimezunguka mpaka nimechoka.