Tupeane uzoefu: umebadilisha nini katika matumizi yako ya kila siku kwa ajili ya tabianchi, na kipi kimekukwamisha?

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mvua ikipitiliza na kila jua likikaa nje ya msimu wake, mjadala unarudi pale pale. Mmoja anasema tuache kukata miti na kuchoma mkaa, mwingine anasema hilo ni deni la Wazungu, sisi halituhusu. Naomba uzi huu tuutumie kuambiana kile ambacho mtu amefanya kwake: jikoni, kwenye usafiri, kwenye umeme, kwenye ujenzi. Sema imekugharimu nini, na kama umekwama, sema umekwama wapi.

Kabla hamjaanza, kuna hesabu naona lazima iwe mezani. Ukichukua mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa nchini kwa mwaka, kila Mtanzania anaangukiwa na kama robo tani ya hewa ukaa. Mkenya anakaribia nusu tani. Wastani wa dunia unazidi tani 4, na Mmarekani ni kama tani 14. Kwa hiyo anayesema mtu wa Tandale na mtu wa Houston wana wajibu ulio sawa hasemi kweli. Tena huu mtindo wa kumwambia kila mtu akokotoe hewa ukaa yake binafsi ulipigiwa debe sana miaka ya 2000 na kampuni ya mafuta ya BP kwenye matangazo yake. Swali lililopaswa kwenda kwa mchimba mafuta likageuziwa mnunuzi.

Lakini hesabu hiyo ya robo tani haina mkaa ndani yake. Kilo moja ya mkaa kutoka tanuri la kawaida la udongo inakula kilo 6 hadi 10 za kuni, na tanuri lenyewe linatoa methani, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia, pamoja na moshi. Misitu ya Kisarawe, Rufiji, Kilosa na Handeni inaingia mjini kwa malori mchana na kwa pikipiki usiku, na hapo mimi na wewe tumo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Hiyo si mbali.

Msimamo wangu ni kwamba wajibu uende na uwezo wa kuchagua. Mwenye njia mbili akashika ile chafu kwa kuwa amezoea, huyo tumuulize. Asiye na njia ya pili apewe kwanza. Karibuni.

Mama lishe, Buguruni

Asante kwa uzi, kaka yangu. Mimi nauza chakula cha asubuhi na mchana, nina mtungi wa kilo 15 na jiko la plate mbili. Gesi napikia chai, nakaangia samaki na maandazi, napikia mboga za majani. Maharage, makande na wali bado ni mkaa. Wali wa sufuria kubwa usipoupalia makaa juu ya mfuniko, chini unaungua na juu unabaki na kiini, na mteja akikuta kiini kesho anakula kwa jirani.

Tatizo langu la gesi si bei. Ukipiga hesabu ya mwezi, gesi ni nafuu kuliko mkaa, hilo nimeliona kwa macho yangu. Tatizo ni namna pesa inavyoingia. Mtungi ukiisha unatakiwa uwe na hela yote mkononi kwa mkupuo, zaidi ya elfu hamsini. Mimi napata hela ya leo nanunulia mchele wa kesho, na bado kuna marejesho ya kikundi. Muuza mkaa ananipimia asubuhi kwa mkopo, jioni namlipa. Wa gesi hakopeshi.

Hata hivyo sirudi kuwasha jiko la mkaa saa kumi alfajiri. Zamani nilikuwa napepea hadi moshi unajaa uwani, watoto wanaamka wanakohoa, na mkubwa ana pumu. Wakati wa masika ndiyo zaidi: mkaa unakuja umeloa, unarusha cheche, na bei imepanda. Sasa chai inachemka kabla sijamaliza kukanda unga.

Jirani yangu ana mtungi wenye mita, analipia kwa simu kidogo kidogo, elfu moja, elfu mbili. Kitu kama hicho kikija kwa sisi wenye biashara, mkaa nitauacha mwenyewe bila kuhimizwa na mtu. Wanaotuhubiria kuhusu misitu waanzie hapo.

Kilosa

Nimesoma hadi hapa nikaona niseme kwa upande wa wachoma mkaa, maana tunasemwa sana na hatuulizwi.

Vijiji kadhaa vya kwetu vilianza mkaa wa utaratibu mwaka 2012. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, vinakatwa kwa kurukana kama nyumba za drafti, na kitalu kilichokatwa kinapumzika miaka 24. Visiki having'olewi, vinaachwa vichipue. Kandokando ya mito hakuguswi. Ushuru unaingia kijijini na watu wanauona kwenye madarasa na zahanati.

Na tanuri nalo ni kazi ya ufundi. Magogo unayaacha yakauke kwanza, unayapanga yabanane, ukishafunika kwa majani na udongo hulali. Moshi mweupe mzito unakwambia kuni bado zinatoa maji. Ukiwa mwembamba na kugeuka kibuluu, unaziba kila tundu, la sivyo ukiamka unakuta majivu. Mwenye haraka, anayetupia magogo mabichi na kwenda zake, anapata magunia machache kwa miti mingi.

Sasa kinachotuumiza ni hiki: gunia letu limelipiwa ushuru, lipo sokoni pamoja na gunia lililovushwa usiku bila kibali. Lile la wizi ni nafuu, na wenzetu wa mjini ndilo mnalolibeba. Nyama mnauliza imechinjwa wapi, lakini gunia la mkaa hakuna anayeuliza limetoka msitu gani. Mkitaka wajibu wa mnunuzi, huo hapo, hauhitaji hata kununua jiko jipya.

Jingine. Msitu usipomwingizia mwanakijiji kitu, hausimami kwa kuhurumiwa. Unafyekwa, unapandwa mahindi na ufuta, na hapo hakuna cha kuchipua. Kilimo kinamaliza misitu ya nchi hii kuliko mkaa. Naona mjadala wa Dar unaliruka hilo kila siku.

Mleta uzi

Mzee wangu wa Kilosa, shikamoo. Hili la kuuliza gunia limetoka wapi nalichukua. Nimemuuliza ninayenunua kwake, hana jibu, na wenzake wawili wa jirani hawana pia. Kama kuna mdau anajua duka la Dar linalouza mkaa wenye kibali cha kijiji, aweke mtaa hapa.

Jambiani, Unguja

Asalamu alaykum. Mimi nataka muwatazame na wale wasiokuwa na la kubadilisha.

Mama yangu analima mwani tangu ulipoingia pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi yenyewe ni vigingi na kamba, maji yakitoka kwa bamvua anashuka, anafunga mbegu, anangoja wiki sita hivi, anavuna. Hana gari, hajapanda ndege, friji kaipata uzeeni. Mwani aina ya kotoni ndio uliokuwa na bei. Siku hizi maji ya kina kifupi yanapata moto, mwani unageuka mweupe, unalegea, unakatika kambani kabla haujafika kuvunwa. Uliobaki kwa wengi ni spinosamu, unastahamili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Wanaambiwa waende maji ya kina. Wengi katika wanawake hawa hawajui kuogelea, na mashua hawana.

Huo mwani unasafirishwa nje, unatolewa utomvu wa kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Yaani wanaoutumia wako katika nchi zilezile zilizoitia bahari joto. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zilikubaliana kuwe na mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zilizoumia. Ni jambo la haki na nililifurahia. Mpaka leo mkulima wa mwani hajui aende mlango gani.

Kwangu mimi, nilipojenga niliacha boriti za mikoko nikatumia mivinje. Mikoko inazuia bahari isile pwani. Hilo ndilo lililokuwa katika uwezo wangu, nimelifanya. La mama halimo mikononi mwake.

Muscat

Salaam kutoka Oman. Nimeishi Tanga na nimeishi hapa, tofauti naibeba mwilini. Huku kiyoyozi kinawashwa kuanzia Aprili hadi Oktoba. Nje joto linapita nyuzi 40, ukikizima nyumba haikaliki. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, na umeme wa kuyasafisha unatoka kwenye gesi. Dukani ni gari, msikitini ni gari. Kwa kila kichwa, Oman haiko mbali na Marekani katika hewa ukaa. Safari yangu moja ya ndege kwenda Dar na kurudi peke yake inazidi robo tani ya Mtanzania ya mwaka mzima.

Nilichobadilisha: kiyoyozi tunakiweka nyuzi 25 badala ya 18, na chumba kisicho na mtu kinafungwa. Nyumbani nakwenda mara chache nikakaa muda mrefu, badala ya kuruka kila likizo. Mama yangu mdogo wa Tanga nimemnunulia jiko la gesi na namjazia mtungi. Wengine hapa wananiambia ni mambo madogo. Kwangu ni deni, maana mimi ninayo njia ya kuchagua na wa nyumbani hana.

Nairobi

Mimi ni wa boda. Nilihamia pikipiki ya umeme, betri ikiisha unabadilisha kwa kituo, dakika chache uko barabarani. Stima ya Kenya nyingi ni ya mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo si kuhamisha moshi tu kutoka hapa kwenda pale. Petroli ikipanda mimi sisikii. Shida ni vituo, ukitoka mjini hupati. Na niseme hivi: Aprili 2024 mafuriko yalifagia nyumba Mathare. Wengi wa hao majirani zetu hata baiskeli hawana.

Mleta uzi

Nashukuru wote. Nami niweke la kwangu kabla sijasahau, hasa kwa dada yetu wa Buguruni.

Nyumbani tulinunua jiko la presha la umeme, lile la sufuria iliyofungwa. Nusu kilo ya maharage makavu, bila kuloweka, niliangalia mita ya Luku kabla na baada: haikufika nusu uniti. Kwa bei ya kawaida hiyo haifiki shilingi 200. Kwa mkaa, maharage hayo hayo yanakaa jikoni saa mbili na zaidi. Na umeme wetu kwa sasa sehemu kubwa ni maji, pamoja na lile bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kule Rufiji, na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Kwa hiyo kwa msitu na kwa hewa, hapa kuna unafuu wa kweli.

Sasa kikwazo chake. Kaya inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi iko kwenye bei nafuu, elfu kumi inapata uniti zaidi ya 80. Ikivuka na kuhamishiwa bei ya kawaida, elfu kumi hiyo hiyo inapata kama uniti 28. Na kaya ndogo inayovuka ni ipi? Ni ile iliyoacha mkaa ikaanza kupikia umeme. Mpangaji anayechangia Luku na wenzake ndiyo kabisa, akiwasha jiko la umeme ugomvi unaanza. Nimemwandikia mbunge wetu kuomba kikomo hiki kiangaliwe upya kwa wanaopikia umeme. Wakiandika wengi itasaidia, na barua yangu naweza kuiweka hapa mkaibadilisha mitaa tu.

Mama lishe, Buguruni

Kaka, hilo jiko la presha ni la lita ngapi? Mimi kwa siku napika maharage kilo tatu.

Mleta uzi

La kwetu ni lita 6, dada. Linabeba kilo moja ya maharage makavu na maji yake bila kuzidi alama, kwa hiyo kwako ni mizunguko mitatu. Unaweza kuanza jioni ukifunga, asubuhi unaunga tu. Niambie siku unayofunga mapema nilete la kwetu, upike kilo moja na Luku uisome mwenyewe.