Vidonge vya antibiotiki kwa chunusi: kozi iishe lini, na kwa nini chunusi zinarudi?

Meza_ya_Dawa

Habari zenu wakuu. Naomba mchango wa madaktari wa ngozi na wafamasia wenzangu. Cheti cha doksisaiklini 100 mg kwa ajili ya chunusi ni jambo la kila siku, lakini vyeti vingi havisemi dawa iishe lini, wala havina dawa ya kupaka. Kinachofuata mnakijua. Mmoja anameza wiki tatu, haoni mabadiliko, anaacha. Mwingine anapata nafuu, basi anajaziwa kila mwezi mpaka mwaka unakatika. Wa tatu anakuja ameshika kifua, kila akimeza mate anaumia.

Nauliza: kozi sahihi ni ya muda gani? Dawa ya kupaka ni ya lazima au ni nyongeza tu? Ni maelekezo gani ya kumeza ambayo mgonjwa hapaswi kuondoka bila kuyapata? Na chunusi zikirudi baada ya kozi, tuseme ni usugu wa bakteria au kuna jambo jingine?

Dr_Vinyweleo

Mkuu, tuanze na kazi ya kidonge chenyewe, maana majibu yako mengi yanatoka hapo.

Chunusi huanza pale tundu la kinyweleo linapoziba kwa mafuta na seli za ngozi zilizokufa. Nyuma ya kizibo hicho bakteria aina ya Cutibacterium acnes wanazaliana (vitabu vya kabla ya 2016 vinawaita Propionibacterium acnes), na mwili unawajibu kwa uvimbe na usaha. Doksisaiklini inafanya kazi kwenye hatua hizo za mwisho tu: inawazuia bakteria kutengeneza protini, na yenyewe inatuliza uvimbe. Kizibo haikigusi. Mafuta haiyapunguzi. Ukimpa mtu kidonge peke yake, chini ya ngozi vizibo vipya vinaendelea kujengeka siku zote anazomeza, na siku akiacha vinaanza kuvimba kimoja baada ya kingine. Hapo kila mtu anasema "dawa imegoma", kumbe dawa ilifanya kazi yake yote.

Kwa hiyo dawa ya kupaka ni ya lazima. Mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unakataza waziwazi kutibu chunusi kwa antibiotiki ya kumeza peke yake. Mpango wake wa chunusi za wastani hadi kali ni doksisaiklini 100 mg au ndugu yake limesaiklini 408 mg mara moja kwa siku, pamoja na adapalini iliyochanganywa na benzoili peroksaidi, inayopakwa usiku. Asiyeivumilia anaweza kupaka asidi ya azelaiki ya 15% au 20% mara mbili kwa siku. Adapalini ndiyo inayozibua vinyweleo. Benzoili peroksaidi inaua bakteria kwa oksijeni, njia ambayo hawajaweza kuijengea usugu, na hivyo inawakamata hata wale ambao doksisaiklini imewashindwa.

Muda: wiki 12, kisha mgonjwa aonwe tena. Ngozi ikiwa safi, kidonge kinasimama siku hiyo hiyo, hakuna haja ya kupunguza dozi kidogo kidogo, na dawa ya kupaka inaendelea. Ikiwa imepungua ila haijaisha, unaweza kuongeza hadi wiki 12 nyingine. Kupita miezi 6 kunahitaji sababu nzito iliyoandikwa kwenye faili. Kujaziwa mwaka mzima hakuna utetezi: bakteria wa utumbo, wa koo na wa ngozi wote wanaonja dawa hiyo kila siku, na usugu unaozaliwa hapo haubaki kwenye chunusi.

Yule wa wiki tatu aambiwe ukweli siku anayoanza. Kipele anachokiona leo kilianza kujengeka wiki kadhaa zilizopita, kwa hiyo mabadiliko ya kuonekana huja kati ya wiki ya 6 na ya 8. Asiyeambiwa hivyo ataacha, na sitamlaumu.

Kuhusu nani ameze: mwenye vichwa vyeusi na vyeupe peke yake hahitaji antibiotiki hata moja, apewe ya kupaka. Kidonge ni cha mwenye vipele vingi vya usaha, au vilivyotapakaa mgongoni na kifuani, au vinavyoanza kuacha makovu. Mwenye majipu ya ndani yanayoungana na kuacha mashimo asizungushwe kwa kozi baada ya kozi. Huyo apelekwe mapema kwa daktari wa ngozi akazungumziwe isotretinoini (dawa kali ya kumeza ya chunusi, ya jamii ya vitamini A).

Mfamasia_Zamu_ya_Usiku

Daktari kasema vizuri, mimi nijazie upande wa kumeza, kwa sababu yule aliyeshika kifua ni kosa la maelekezo.

Kapsuli ya doksisaiklini ikimezwa kwa funda moja la maji, au na mtu anayejilaza papo hapo, inanata kwenye ukuta wa umio. Gamba lake linalainika kwa ute na kugandia pale pale. Dawa ikiyeyuka ina asidi kali, nayo inachimba kidonda sehemu moja. Mgonjwa anasikia maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, makali zaidi akimeza, na yanaweza kuanza ghafla baada ya siku chache tu za dawa. Wengi wanadhani ni vidonda vya tumbo na wanaongeza dawa ya asidi ya kutafuna, ambayo nayo inainasa doksisaiklini tumboni. Sasa ana kidonda na chunusi hazitibiki.

Maelekezo ni haya: glasi nzima ya maji, kama mililita 200 au zaidi, akiwa amekaa wima au amesimama, na asilale kwa angalau nusu saa, saa nzima ni bora. Asimeze wakati wa kwenda kulala. Ahamishie kwenye mlo wa asubuhi au wa jioni mapema. Doksisaiklini inaruhusiwa na chakula, na chakula kinapunguza kichefuchefu. Msichanganye hili na tetrasaiklini ya zamani ya 500 mg mara mbili kwa siku: hiyo inataka tumbo tupu, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Maumivu ya kumeza yakianza, dawa isimame na aonwe.

Kinachonasa dawa ni madini: chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu na alumini. Vidonge vya vitamini vyenye madini na dawa za asidi vitenganishwe na doksisaiklini kwa saa 2 hadi 3. Chuma ndicho kikorofi kuliko vyote, kwa sababu doksisaiklini huzunguka kutoka kwenye nyongo kurudi utumboni, na chuma kinaweza kuidaka huko hata kama vilimezwa kwa saa tofauti. Anayetibiwa upungufu wa damu ajadiliane na daktari nini kitangulie. Maziwa yanaisumbua doksisaiklini kidogo, lakini tetrasaiklini ya zamani yanaizuia kwa kiasi kikubwa kuingia mwilini.

Kabla ya kutoa dawa, uliza mambo haya bila haya: ni mjamzito au anaweza kuwa? Tetrasaiklini zote, doksisaiklini ikiwemo, zinaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto inayokua, kwa hiyo hapana kwa mjamzito, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 (baadhi ya nchi zinaweka 8). Anatumia isotretinoini au vitamini A ya dozi kubwa? Zikikutana na doksisaiklini zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Kichwa kuuma mfululizo na macho kuona ukungu ni ishara ya kuacha dawa na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, apimwe.

Jua nalo lisemwe. Doksisaiklini inafanya ngozi iungue kwa jua ambalo kawaida lisingemdhuru, na ngozi nyeusi haina kinga kamili dhidi ya hilo. Kofia, na mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi.

Vidonge vya uzazi wa mpango havivurugwi na doksisaiklini, isipokuwa mtu akitapika au akiharisha sana. Antibiotiki zinazovivuruga ni za jamii ya rifampisini (dawa ya kifua kikuu). Nimeona kina dada wanatishwa bure kwa hili.

Madoa_na_Makovu

Naongezea kuhusu kupaka, hasa kwa ngozi nyeusi. Mgonjwa akipewa adapalini na benzoili peroksaidi bila maelekezo, anapaka usoni kote kwa wingi, ngozi inachubuka ndani ya siku chache, na mahali palipochubuka panabaki doa jeusi la miezi. Halafu anaapa hatarudia.

Kipimo cha uso mzima ni chembe moja ya ukubwa wa punje ya njegere, inayotawanywa kwenye paji la uso, mashavu, pua na kidevu, si kuwekwa juu ya kipele kimoja kimoja. Uso uoshwe kwa sabuni laini na ukauke kabisa kwanza. Wiki 2 za mwanzo apake usiku mmoja, aruke mmoja, kisha kila usiku ngozi ikikubali. Losheni isiyo na mafuta mazito inaruhusiwa, hata juu ya dawa. Benzoili peroksaidi ya 2.5% inafanya kazi karibu sawa na ya 10% huku ikichubua kidogo, kwa hiyo hakuna faida ya kukimbilia yenye nguvu. Na inapausha nguo: foronya na taulo ziwe nyeupe. Kama badala ya adapalini ameandikiwa tretinoini ya kawaida, asiipake pamoja na benzoili peroksaidi, maana inaiharibu. Moja asubuhi, nyingine usiku.

Kuhusu kurudi kwa chunusi, usugu upo, lakini msianze nao. Kwanza tazameni kama kinachotibiwa ni chunusi. Vipele vidogo vinavyofanana vyote, milimita 1 hadi 2, vinavyowasha, vimejaa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni juu, bila kichwa cheusi hata kimoja: hao ni fangasi wa Malassezia kwenye vinyweleo. Antibiotiki inawaondoa bakteria waliokuwa wakishindana nao, basi vinaongezeka. Tiba ni ya fangasi, kama ketokonazoli.

Pili, ulizeni anapaka nini. Krimu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli au betamethasoni (dawa za steroidi) huotesha vipele vya umri mmoja, kana kwamba vimemwagwa kwa siku moja. Hakuna antibiotiki itakayovishinda huku krimu ikiendelea kupakwa, na akiiacha ghafla ngozi huchachamaa, kwa hiyo aachishwe chini ya usimamizi.

Tatu, mtu aliyemeza kwa miezi mingi na alikuwa vizuri, kisha ghafla vipele vya usaha vinazunguka pua na mdomo. Hapo bakteria wengine, wa jamii ya Klebsiella na Proteus, wamechukua nafasi. Kuongeza dozi kunachochea moto. Sampuli ichukuliwe puani na kwenye usaha, na daktari wa ngozi aamue.

Na madoa yaliyobaki si chunusi. Uso usio na kipele kipya kwa wiki nne, hata kama umejaa madoa, hauhitaji kidonge tena.

Meza_ya_Dawa

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Vyeti vingine vinakuja na doksisaiklini pamoja na jeli ya klindamaisini. Vingine vina azithromaisini, amoksilini au kotrimoksazoli. Niviache vipite? Na aliyemaliza wiki 12 vizuri, kisha chunusi zikarudi baada ya miezi kadhaa, abadilishiwe antibiotiki?

Dr_Vinyweleo

Klindamaisini ya kupaka pamoja na antibiotiki ya kumeza: mpigie aliyeandika. Ni antibiotiki mbili kwa bakteria wale wale, na hakuna inayozibua. Pendekeza jeli ibadilishwe iwe benzoili peroksaidi na adapalini. Mara nyingi mwandishi atakubali, kwa sababu alikuwa na nia ya kupaka, alikosea dawa tu.

Azithromaisini na erithromaisini ni za asiyeweza kutumia tetrasaiklini. Kwa mjamzito mwenye chunusi kali, erithromaisini hutumika daktari akiona inafaa, na adapalini huachwa. Zisiwe za kwanza kwa kila mtu: usugu kwa erithromaisini umeenea, na azithromaisini tunaihitaji kwa magonjwa mazito zaidi. Amoksilini haina nafasi ya kawaida hapa. Kotrimoksazoli ni ya mwisho kabisa, kwa kuwa inaweza kubabua ngozi na utando wa mdomo kiasi cha kuua; upele wowote mpya, dawa inaachwa saa hiyo. Minosaiklini siipendekezi pale doksisaiklini ilipo: haijaonekana kuizidi, na inaweza kuleta madoa ya bluu-kijivu, homa ya ini na ugonjwa unaofanana na lupasi.

Zikirudi, swali la kwanza ni kama aliendelea kupaka. Wengi waliacha vyote viwili siku moja. Kama aliacha kupaka na vipele ni vichache, arudishiwe ya kupaka peke yake. Kama ni vingi na kozi ya kwanza ilimfaa, arudie antibiotiki ile ile pamoja na ya kupaka, asibadilishiwe; kila aina mpya unayoongeza inafundisha bakteria usugu mpya. Kama hakupata nafuu ya maana wiki 12 za kwanza, au amerudia kozi mbili, mlango wa antibiotiki ufungwe. Mwanamke ambaye vipele vyake vinapanda kidevuni na kwenye taya kabla ya hedhi apimwe kwa upande wa homoni, na tiba yake ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, au spironolaktoni ya 50 hadi 100 mg kwa siku, ambayo haitumiki kwa mjamzito. Wengine waende kwenye isotretinoini, na doksisaiklini iachwe kabla ya kidonge cha kwanza cha isotretinoini kumezwa.

Mfamasia_Zamu_ya_Usiku

Kwenye bahasha mimi naandika tarehe ya kumaliza kwa kalamu nyekundu, na chini yake "endelea kupaka". Aliyesahau kidonge ameze akikumbuka siku hiyo hiyo, asimeze viwili kesho yake. Na vilivyobaki visiwekwe kwa ajili ya mdogo wake: tetrasaiklini iliyokwisha muda na kuharibika imewahi kudhuru figo, kwa hiyo virudishwe famasi viteketezwe.