Nimeandika apu ya kuskani Wi-Fi, maombi ni mengi, nianze na lipi?

fundi_Kikoni
Habari zenu wakubwa. Mimi nafunga mitandao kwenye hosteli za huku Kikoni na Wandegeya, Kampala, nimeandika apu ya Android ya kuskani Wi-Fi, inaonyesha jina la mtandao, chaneli (njia ya mawimbi rauta inayotumia), nguvu ya mawimbi na aina ya ulinzi. Niliwapa mafundi wenzangu na sasa maombi yanatoka kila upande, huyu anataka grafu, huyu ramani ya jengo, huyu ihifadhi matokeo, mwingine anasema apu ni mbovu maana anabonyeza skani anabonyeza tena orodha haibadiliki. Niko peke yangu, naandika usiku baada ya kazi, siwezi yote. Nataka imsaidie fundi aliyesimama koridoni wanafunzi wakimlalamikia. Nisaidieni, nianze wapi?

Jinja_Neti
Kaka, anza na hiyo orodha inayoganda. Hiyo ni Android yenyewe, tangu Android 9 apu iliyofunguliwa inaruhusiwa kuskani mara 4 tu kwa dakika 2, zaidi ya hapo inarudishiwa matokeo ya zamani. Android 10 kwenda mbele kuna swichi ya kuondoa hicho kizuizi kwenye chaguo za wasanidi (Developer options, ndani ya mipangilio ya simu). Lakini kastoma atajuaje? Anaona namba ya kitambo anadhani ni ya sasa hivi, anahamisha rauta bure. Kila mtandao uandikie umeonekana sekunde ngapi zilizopita, na ukizuiwa apu iseme wazi. Lokesheni ikizimwa pia orodha inakuja tupu, hilo nalo lielezwe.

MenejaHosteli
Mimi si fundi ssebo, nasimamia hosteli. Hizo namba za nguvu ya mawimbi, -48 na -83, hazinisaidii, niambie tu hapa mawimbi ni dhaifu, sogeza rauta. Wanafunzi wamelipia chumba na intaneti pamoja, wakati wa mitihani ikikata wanagonga mlango wangu, si wa fundi.

fundi_Kikoni
Nimekuelewa nnyabo. Nafikiria rangi, -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, ikikaribia sifuri ndiyo nzuri) kupanda juu iwe kijani maana simu ya video inakwenda vizuri hapo, ikishuka chini ya -80 iwe nyekundu.

Mbale_Redio
Rangi sawa ila namba usifiche, sisi tunazihitaji. Kwangu mimi kitu kikubwa ni chaneli. Kwenye 2.4 GHz, moja ya bendi za Wi-Fi, zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 basi, sasa mtu akiona 6 imejaa anakimbilia 3 anadhani amepona, kumbe anasumbua 1 na 6 zote mbili na yeye mwenyewe anasumbuliwa! Rauta za chaneli moja angalau husikilizana na kupeana zamu, ile ya 3 kwao ni kelele tu. Kwa hiyo apu ishauri kati ya hizo tatu, mtu akikaa katikati imwonye. Na usihesabu mitandao tu, jirani wa -45 na yule wa -88 hawalingani hata kidogo. Grafu nzuri itangoja.

kijana_Gulu
Ongeza na kuona paswedi za majirani, utapata watu wengi sana

Jinja_Neti
Hapana mdogo wangu. Skani inasoma yale rauta inayoyatangaza yenyewe hewani, paswedi haimo. Na kuingia mtandao wa mtu bila ruhusa ni kosa, hapa Uganda tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Bora aweke onyo kama majina mawili yanafanana na moja halina paswedi kabisa, kuna watu hutega wanafunzi hivyo.

fundi_Kikoni
Hilo onyo nalichukua. Basi naanza na muda wa matokeo, halafu ushauri wa chaneli pamoja na rangi. Kuhifadhi matokeo itafuata, ramani sitaigusa kwa sasa. Nina simu za Android mpya tu, aliye na ya zamani, 8 kushuka chini, na yuko karibu na Kampala aniandikie inbox tuijaribu.