Mgonjwa wa kiharusi anarudi nyumbani, choo kiko uani: nani anaikagua nyumba kabla hajaruhusiwa?

Mwanakamati_Tmk

Habarini wakuu. Kamati yetu ya wazee, mtaa mmoja wa Temeke, imeombwa na ofisi ya kata iandike mpango mdogo. Lengo ni wazee na wenye ulemavu wanaotoka hospitali wasirudishwe wodini baada ya wiki mbili kwa vidonda vya kulalia, kuanguka, au mpira wa mkojo kuziba.

Nyumba za huku nyingi ni za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Kaya nne au tano zinachangia choo hicho hicho. Upande wa afya tunaye mhudumu wa afya ngazi ya jamii, upande wa ustawi yupo afisa wa kata. Upande wa nyumba hakuna mtu kabisa. Nini kipimwe, nani apime, na hela kidogo iliyopo ianzie wapi? Nadharia tumeshapewa kwenye semina, naomba vipimo.

Tibakazi_Dar

Mkuu, anza na "lini". Karatasi ya ruhusa huwa na dawa, tarehe ya kliniki na mstari mmoja: aendelee na mazoezi nyumbani. Nyumba yenyewe haimo. Ikija kugundulika siku ya ruhusa kwamba choo kiko hatua thelathini nje na kina kizingiti, umeshachelewa. Mgonjwa anawekwa chumbani, anavalishwa nepi, hasimami tena, na kidonda kinakuwa suala la siku tu. Nyumba ipimwe mgonjwa akiwa bado wodini, mara daktari akisema hali imetulia.

Kupima hakuhitaji mhandisi. Mhudumu wenu na futi kamba, simu ya kupigia picha, chini ya saa moja anamaliza. Atembee njia yote kutoka barabarani hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi chooni, aandike kimo cha kila ngazi, kizingiti na shimo. Milango watu hupima fremu kwa fremu na hapo wanakosea. Fungua mlango hadi mwisho, pima kuanzia uso wa ubao hadi fremu ya pili. Mlango unaoitwa wa sentimita 80 unaweza kubakiza 74. Kitimwendo cha mtu mzima kina takriban 65 kwa nje, na anayejisukuma mwenyewe anahitaji nafasi ya vidole. Kwa 75 atapita akijikwaruza, kwa 80 atapita vizuri.

Kitanda kipimwe mtu akiwa amekikalia, kwa sababu godoro hubonyea. Inatakiwa 45 hadi 50, nyayo zikanyage sakafu. Vitanda vingi vya mbao na godoro la inchi 8 vinafika 60 na zaidi. Kata miguu, ni kazi ya msumeno ya dakika kumi. Kilicho kifupi kipandishwe kwa vigogo vilivyotobolewa ili mguu uzame ndani, msiweke tofali mbili zilizopandishana, zitachomoka siku anapojivuta.

Kisha andikeni kwa herufi kubwa upande gani umepooza, maana kila kitu kinafuata hapo. Aliyepooza kushoto anashukia kulia. Kwa hiyo akilala chali, ukuta uwe kushoto kwake na kulia kuwe na sentimita 90 wazi, kitimwendo kiegeshwe hapo. Familia hupanga kinyume, halafu wanashangaa mbona hawezi kushuka.

Chooni kosa la kila siku ni kishikio kimoja. Kinafungwa upande wa mkono mzima anapoingia. Akigeuka ili akae, kishikio kinahamia upande uliopooza. Fungeni pande zote mbili.

Kuhusu hela, mimi ningeanza na choo cha usiku chumbani: kiti cha mbao au chuma chenye tundu, kimo 45, chini yake ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Msikate tundu kwenye kiti cha plastiki. Kinapasuka kuanzia kwenye tundu, na miguu yake hutanuka kwenye sakafu laini. Baada ya hapo godoro la sponji nzito inchi 6, kisha taa anayoifikia kwa mkono mzima. Rampu iwe ya nne. Watu huikimbilia kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha ya mfadhili.

FundiZege

Mtaalamu hapo juu kanishushia heshima rampu yangu lakini sibishi 😂 Ila zikijengwa, zijengwe sawasawa, maana nyingi mtaani ni milima.

Hesabu ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Ngazi ya 15 inataka mita 1.8. Ngazi mbili za 15 zinataka mita 3.6. Upana mita 1. Juu mlangoni weka sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5, ukikosa nafasi kabisa 1.2, ili mtu asifungue mlango huku kiti kinarudi nyuma.

Kwa ile ya kimo cha 15, zege ni mita za ujazo 0.135, karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mfuko huo unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga (ndoo za lita 20) na ndoo saba za kokoto, maji lita 25 hivi. Fundi akiongeza maji ili koleo liteleze, uso utaanza kutoa vumbi baada ya mwezi. Kimo cha 30 usijaze zege tupu. Jenga kingo za tofali, shindilia kifusi kwa tabaka za sentimita 15, juu mwaga zege la sentimita 10. Hapo mifuko mitatu inatosha, bila kuhesabu tofali.

Zinapoharibikia ni chini, pale rampu inapokutana na ardhi. Zege likiisha kwa wembamba wa karatasi linamomonyoka masika ya kwanza, panabaki kidato kinachonasa magurudumu ya mbele. Chimba mfereji wa sentimita 10 hapo ili ncha iwe na unene. Uso usipige niru (saruji laini ya kung'arisha), inateleza. Pitisha ufagio mgumu kwa kukata njia kabla zege halijakauka. Pembeni acha ukingo wa sentimita 5 gurudumu lisichomoke. Mwagilia siku saba, na kitimwendo kisipite kabla ya hapo. La mwisho, ile sehemu bapa iinamie nje kidogo, sentimita 2 kwa kila mita. Ikiinamia ndani, mvua yote inaingia koridoni na lawama ni za kamati.

Vishikio: bomba la chuma la inchi moja linajaa mkono vizuri. Kimo sentimita 70 hadi 75 kutoka sakafuni, nafasi ya 4 hadi 5 kati ya bomba na ukuta. Tofali zetu nyingi za mchanga na saruji ni dhaifu, skrubu na plagi zitang'oka mtu akijivuta kwa uzito wake wote. Toboa ukuta, pitisha bolti, upande wa pili weka bamba la chuma. Kisha ujaribu mwenyewe kwa kuning'inia, ndio kipimo.

Na mlango wa choo cha uani ugeuzwe ufungukie nje. Choo cha mita 1 kwa 1.2 chenye mlango wa kufungukia ndani, mtu akianguka analala juu ya mlango, hakuna wa kumfikia. Bawaba mbili, nusu saa.

Ustawi_Kata

Naongeza upande ambao kamati nyingi hukwama: saruji si tatizo, mwenye nyumba ndiye tatizo. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: nini kinaongezwa, nani analipa, mpangaji akihama kinabaki au kinaondolewa, na kodi haitapanda kwa sababu ya kitu hicho. Nakala tatu, mbele ya mtendaji wa mtaa. Bila karatasi hiyo nyumba inaboreshwa, kodi ya miezi sita ijayo inapanda, na mzee anahamishiwa chumba cha bei nafuu kisicho na chochote. Wapangaji wengine nao washirikishwe mapema, la sivyo kiti mlichoweka chooni mtakikuta nje kinatumika kufulia nguo.

Fedha, msichanganye mambo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni mikopo ya vikundi vya uzalishaji, inarudishwa. Msiiandike kwenye mpango kama chanzo cha rampu. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inaingia kwa kaya iliyoandikishwa, kaya ndiyo inayoamua. Kinachosaidia kweli ni kupunguza matumizi mengine: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini utambuzi unaanzia mtaani. Barua ya utambuzi ishughulikiwe mgonjwa akiwa wodini. Ikisubiri bili, familia imeshauza kitanda hicho mnachotaka kukikata miguu.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamo kwenye mpango uliozinduliwa Januari 2024, lengo 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano. Mkishampata, msimtumie kama tarishi. Mpeni jukumu moja linaloeleweka: yeye ndiye mwenye daftari. Daftari moja linakaa chumbani kwa mgonjwa, ukurasa wa kwanza vipimo vya nyumba na upande uliopooza. Anayekuja kumbadilisha mpira anaandika humo, mimi naandika humo, fundi anaandika humo. Sisi kila mmoja ana faili lake ofisini, na ndiyo sababu mpira unabadilishwa wiki ambayo familia haina mtu wa kumnyanyua.

Tibakazi_Dar

Daftari naliunga mkono, niongeze tarehe za kumtembelea baada ya ruhusa: siku ya 2, ya 7 na ya 14. Siku ya 2 swali ni moja tu, ameshuka kitandani? Kama hapana, tafuta ni nini kimemzuia: kimo, nafasi, au mlezi anaogopa. Siku ya 7 na ya 14 angalia ngozi: visigino, mfupa wa mkia, nyonga, na sikio la upande anaolalia. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta doa lililokoza kuliko ngozi ya jirani, lenye joto au lililokakamaa, guseni kwa mgongo wa kiganja. Kugeuzwa kila saa mbili kunahitaji zamu ya watu wawili usiku, mlezi mmoja hawezi zaidi ya siku chache. Na chumba chenye bati bila dari kinamtoa jasho mchana kutwa. Ngozi iliyolowa inachubuka haraka. Madirisha mawili yanayotazamana yafunguliwe. Kama hela ya dari ipo, ningeitanguliza mbele ya rampu.

Mvita_Kibokoni

Huku Mombasa, Mji wa Kale, shida yetu ni vizingiti vya milango ya zamani na ngazi za ndani zilizosimama wima. Milango ile haikatwi. Tumia kabari mbili za mbao, moja kila upande wa kizingiti, zenye mpira chini, zinawekwa na kuondolewa. Ghorofani usihangaike, muhamishie mgonjwa chini hata kama ni sebuleni, pazia litatosha. Kwa Kenya ulizeni mhamasishaji wa afya ya jamii wa nyumba zenu, hao wamegawiwa kaya karibu mia mia. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo ni nepi na sabuni, si ukarabati.

Mswahili_Leicester

Uingereza wana fungu maalum la kurekebisha nyumba za wenye ulemavu, England kikomo ni pauni 30,000 kwa maombi, na tangu 2015 fedha hizo zinapitia kapu moja na za afya na ustawi. Hata hivyo kapu moja peke yake halikuondoa foleni. Hapa Leicestershire kilicholeta tofauti ni huduma inayoitwa Lightbulb: maafisa wa makazi wanakaa hospitalini, wanaongea na mgonjwa akiwa kitandani. Dada wa wodi akisikia "kwetu ngazi haina cha kushikia", anajua mlango wa kugonga. Ninyi hamna pauni 30,000, lakini namba ya simu ya mtu mmoja iliyobandikwa wodini mnaweza kuipata.

Mwanakamati_Tmk

Shukrani sana, nimeshaanza kuandika. Swali kwa fundi: baraza za huku nyingi zina kimo cha 45. Kwa hesabu yako ni mita 5.4, na kutoka baraza hadi barabara tuna mita mbili.

FundiZege

Hapo usijenge ya kunyooka. Kama ubavuni kuna uchochoro, ilaze sambamba na ukuta: mita 2.7, sehemu bapa ya 1.5, kisha 2.7 nyingine. Uchochoro ukiwa chini ya mita 1.2 achana nayo. Mpe chumba cha mbele, choo cha ndoo ndani, na siku ya kliniki watu wawili wampandishe kwa kitimwendo kilichoinamishwa nyuma, kidato kimoja kimoja, mgongo wa kiti ukitangulia kupanda. Simama barabarani, weka futi kamba kwenye baraza, piga picha uitupie hapa nione na huo uchochoro.