Mjadala: Ada za ghorofa za ufukweni, wa chini alipie lifti na bwawa?

Hoja: jengo la ghorofa nne ufukweni Unguja, nyumba 20. Kamati ya wamiliki inataka kila nyumba itoe ada sawa kila mwezi kwa ulinzi, taka, pampu, jenereta, lifti na bwawa la kuogelea. Wa chini wanakataa lifti. Wanaokodisha wageni hawataki bwawa lifungwe. Haki iko wapi?

Mhasibu wa majengo: Ada sawa si haki. Chini ya Sheria ya Kondominiamu ya Zanzibar ya 2010, inayohusu majengo yenye wamiliki wengi, mtu ana nyumba yake na ana fungu katika sehemu za pamoja. Basi ada ifuate fungu. Mwenye mita za mraba 120 atoe mara mbili ya mwenye 60. Na akaunti ziwe mbili: ya matumizi ya mwezi, na ya akiba, ambayo haitaguswa hata kwa kununua dizeli.

Fundi wa mabwawa: Bwawa la mita 10 kwa 5, kina mita 1.4, ni lita 70,000. Pampu ya kilowati 0.75 ikifanya kazi saa 8 inakula yuniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi. Klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 108 ndizo zinazopandisha kiwango miligramu 1 kwa lita, na jua letu linaimaliza siku hiyo hiyo. Visima vya maweni navyo vina chokaa, inayopandisha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. pH ikipita 7.8 klorini inapoteza nguvu, maji yanageuka kijani, na mtunzaji anazidisha unga badala ya kutia asidi. Hapo ndipo pesa zinapopotea. Wanaokodisha wachangie zaidi, wageni wao ndio wanaooga.

Fundi zege: Ndugu zangu, mnagombania lifti na nguzo zinaliwa! Kusi na kaskazi zote zinaleta chumvi. Inapenya kwenye zege hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inavimba na zege linapasuka. Nondo iliyofunikwa milimita 25 tu pwani haidumu, angalau 50. Ukiona ufa umenyooka sambamba na nondo, pana madoa ya kahawia, usipige plasta juu, kutu itaendelea ndani kwa ndani. Vunja zege mpaka nyuma ya nondo, milimita 20 au zaidi, futa kutu mpaka chuma king'ae, osha kwa maji matamu, paka dawa ya kuzuia kutu, ndipo ujaze. Na uvunje mpaka ufike kwenye zege zima, kwani kiraka kidogo kwenye zege lenye chumvi huhamishia kutu pembeni yake. Kazi hii ni ghali, na bila akiba haifanyiki.

Mkaazi wa chini: Nguzo nalipa, ni yetu sote. Umeme wa lifti, hapana.

Mhasibu wa majengo: Sawa, bibie. Lifti ifungiwe mita yake, umeme walipe wa juu. Ukaguzi na kamba za lifti ni mali ya jengo, hapo utachangia.

Fundi umeme: Na jenereta je? Ya ukubwa wa kVA 100 ikibeba nusu ya mzigo inakunywa dizeli lita 11 hadi 12 kwa saa. Kila nyumba iwe na mita ndogo upande wa jenereta. Umeme ukikatika, mwenye viyoyozi vitatu asichomewe dizeli na mwenye feni moja.